Utabiri wa kipupwe uwafikie wenye vinyungu

Ndugu Mhariri,

Kipupwe kinapoingia, Juni hadi Agosti, gazeti lako huchapisha utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na Nyanda za Juu Kusini huambulia mstari mmoja wa nyuzi joto za chini. Tunaomba mstari huo uongezewe mambo mawili: usiku utakuwa na mawingu au la, na upepo utavuma au utatulia. Bila hayo, mwenye kinyungu, yaani bustani ya bondeni ya kiangazi, huko Makete, Njombe au Mufindi ataisoma namba na bado atapoteza shamba.

Kipimajoto cha kituo hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye kupitisha hewa, mita 1.25 hadi 2 juu ya ardhi. Kiazi hakikui huko. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi na majani hupoteza joto lake kwenda angani, na jani la chini laweza kuwa na baridi kuliko kipimajoto kwa nyuzi 3 hadi 5. Redio ikitaja nyuzi 3, bustani yaweza kuamkia sakitu, yaani umande ulioganda kuwa barafu. Tena hewa baridi ni nzito. Huteremka kama maji na kutuama bondeni, palepale penye vinyungu vya viazi, maharage na mboga za kiangazi. Ndiyo maana katika kijiji kimoja shamba la mteremkoni hupona na la bondeni huungua.

Usiku wa namna hiyo ukitarajiwa, mwagilia asubuhi au mchana ili majani yakauke kabla ya magharibi. Udongo uliolowa hutunza joto la jua kuliko mkavu, na hulitoa polepole usiku. Matandazo ya nyasi kavu, ambayo miezi mingine ni mazuri sana, yasogezwe pembeni, kwa kuwa huzuia joto la udongo lisipande hadi kwenye majani. Ua lililoziba upande wa chini wa shamba lifunguliwe, hewa baridi ipate pa kutokea. Kitalu kifunikwe kwa magunia juu ya fito kabla jua halijazama, yasiguse miche, kisha kifunuliwe saa 3 asubuhi.

Wengi huchoma majani mabichi au matairi wakitegemea moshi. Moshi hausaidii: chembe zake ni ndogo mno kuzuia joto linalopotea, na wa matairi unawadhuru wanaouvuta. Mwenye mashine ya kunyunyiza maji anaweza kuokoa shamba, mradi asizime mpaka barafu yote iyeyuke baada ya jua kutoka. Akizima alfajiri, maji yanayobaki hunyonya joto la jani yakikauka, na hasara huwa kubwa kuliko ya asiyenyunyiza kabisa.

Viazi vikiamka vyeusi, visifyekwe siku hiyo. Subiri wiki moja hadi mbili. Shina lililofukiwa vizuri kwenye tuta mara nyingi huchipua upya.

Ombi la mwisho, na hili ni la uhai. Kila utabiri wa baridi kali uchapishwe pamoja na onyo la jiko la mkaa. Mkaa ukiwaka chumbani hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hazinduki. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata likionekana limezimika, kwa sababu makaa yaliyofunikwa na majivu huendelea kutoa gesi hiyo.

Wagani wa kilimo,
Njombe