Nyumba ya Maboksi ya Samaki: Barua kwa Kaka Salehe

Peterborough, Ontario

Kaka Salehe, shikamoo.

Ama baada ya salamu, ninatumaini barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na wifi, watoto na Mama, ambaye naomba umsomee yote isipokuwa sehemu ya mwisho inayohusu fedha. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, na ule wa Shangazi Mwanahawa nao umenifikia, nikaona ni heri niandike, kwa sababu kwenye simu kila mmoja humkatiza mwenziwe na salio huisha tukiwa bado tunaulizana kama huku kuna baridi.

Nimeambiwa kwamba siku ya arubaini ya Baba Mdogo, mbele ya ukoo mzima, ulisema mdogo wako amekwenda Kanada kujenga nyumba ya maboksi ya samaki, na watu wakacheka mpaka sahani za pilau zikayumba. Kicheko hakikuniudhi. Kilichoniudhi ni yale yaliyofuata, kwamba mtu mwenye fedha za kumwaga kwenye maboksi hawezi kukosa za mabati ya nyumba ya Mama, na lile la Shangazi kwamba isitoshe nyumba yenyewe ni ya mume. Nitayajibu yote, na nitaanza na maboksi kwa kuwa ndiyo yaliyochekesha watu.

Ni kweli kabisa, Kaka, kuta zangu zimeanza na sterofomu, ile nyeupe nyepesi ambayo wavuvi wa Moa hupakia samaki na barafu kwa safari ya Dar es Salaam. Aliyekuonyesha picha hakukueleza kilichomo ndani. Tofali moja lina urefu wa sentimita 122 na kimo cha sentimita 40 na ushei. Ni vibao viwili vya sterofomu vilivyosimama sambamba, kila kimoja kikiwa na unene wa sentimita sita na nusu hivi, na kati yake umeachwa uwazi wa sentimita 15 unaoshikiliwa na viungo vya plastiki ngumu. Mwanangu Rehema alikuwa akibeba mawili kwa wakati mmoja huku akiimba. Tofali hupangwa moja juu ya jingine kwa meno na matundu yake bila udongo wala saruji, kila baada ya safu nondo hulazwa kwenye vishimo vya viungo vile vya plastiki, na kuta zikishafika kimo nondo za kusimama hushushwa kutoka juu. Kisha ule uwazi wote hujazwa zege.

Kwetu fundi akimaliza kumwaga lenta, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, husubiri, halafu hubomoa mbao zilizolishikilia zege. Huku mbao ni sterofomu yenyewe, nayo haibomolewi. Hubaki pande zote mbili za ukuta kuzuia baridi maisha yote ya nyumba. Kwa hiyo ukisikia nyumba ya maboksi, ujue ni ukuta wa sentimita 28 ambao kati yake mna zege tupu lenye nondo kutoka msingi hadi paa. Ghorofa nyingi unazozisifia ukienda Kariakoo zina nguzo za zege na kati ya nguzo wamejaza tofali tu. Mdogo wako hana tofali la kujazia hata moja. Wala hili si jaribio, kama Mwalimu Kombo alivyodai kwenye kundi letu la simu: fundi mkandarasi wa humuhumu Kanada, Werner Gregori, aliomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya tofali la namna hii mwaka 1966, kabla wewe hujazaliwa.

Huku watu wengi hujenga kwa mbao, na kati ya mbao hutia sufi ya kioo. Zina joto, sizikashifu, na kwa gharama ya kuta peke yake zetu zimezidi za mbao. Lakini nyumba ya mbao inataka seremala anayejua, na seremala anayejua huku hulipwa kwa saa. Tofali hizi mtu asiye fundi anaweza kuzipanga akifuata maelekezo, tena mwenye mikono midogo kama yangu ndiye anayezifaa nondo. Baba Rehema na mimi tulijifunza, tukapata kibali kwa majina yetu sote wawili, na mwambie Shangazi kwamba kwenye hati ya kiwanja jina langu ndilo la kwanza. Kuhusu zamu za usiku zilizolipia tofali hizo, hayo tuyaache.

Msingi wenyewe ungekushangaza. Kule Pongwe tulichimba kwa jembe na sururu, na kina cha magotini tukakiona kikubwa. Huku huruhusiwi kusimamisha msingi juu ya kina cha mita 1.2, kwa sababu maji yaliyomo ardhini huganda wakati wa baridi, yakiganda hutanuka, na yakitanuka hunyanyua nyumba upande mmoja hadi milango isifungike. Mkaguzi wa halmashauri alikuja kupima shimo kabla hatujaweka chochote, akaja tena kuzitazama nondo kabla ya zege. Asiporidhika, lori la zege haliitwi. Mwanzoni nilimwona msumbufu, siku hizi ninamtamani awe ndugu yangu.

Sasa nikueleze siku ya kumwaga, maana ndiyo ninayojivunia. Zege bichi, Kaka, halitulii mahali ulipoliweka; husukuma kila upande, na mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Ukilijaza hadi juu kwa pupa, sterofomu hupasuka na lote humwagika uani. Kwa hiyo tuliagiza zege la kokoto ndogo lenye kuteleza kiasi, likaja na malori yanayozunguka, na gari jingine lenye mkono mrefu wa bomba likawa linalinyanyua kulipitisha juu ya kuta. Tulizunguka nyumba nzima kwa tabaka moja lisilozidi mita 1.2, na tulipofika tulipoanzia, la kwanza lilikuwa limeanza kukaza, ndipo tukapanda la pili. Baba Rehema alishika bomba. Shemeji Idi alikuwa chini akitazama kuta kwa nje. Mimi nilipewa vibreta, ile fimbo ya chuma inayotetemeka, kazi ambayo kwetu hupewa kijana mwenye kifua: unaizamisha, unahesabu kidogo, unaivuta taratibu ili zege lifunge nafasi iliyoacha. Nilikuwa nikiweka kiganja kwenye sterofomu na kusikia ndani zege likishuka na kujaza, kwanza kwa mtetemo mwepesi, kisha mzito, kisha ukuta unakuwa kitu kimoja.

Tulikuwa tumekaribia kumaliza upande wa jikoni ndipo kona ikatoa mlio wa kukatika, na kibao kikavimba mbele ya macho yetu kama mkate kwenye tanuri. Idi alipaza sauti, mwenye bomba akafunga, na kabla sijashuka jukwaani Idi alikuwa amekwisha kubandika kipande cha plaiwudi na kukizamisha kwa skrubu ndefu hadi kwenye kanda za plastiki zilizofichwa ndani ya sterofomu. Pakashika. Tukahamia upande wa pili ili kona ipumzike, tukairudia mwishoni. Plaiwudi hiyo Baba Rehema ameiandika tarehe kwa kalamu nene na amekataa kuitupa. Imening'inia gereji kama cheti.

Zege likiwa bado bichi tulivuta uzi juu ya kuta zote, na kila mahali palipokwenda upande tulizungusha skrubu za nguzo za kuegemeza hadi ukuta ukarudi kwenye uzi. Mkaguzi alipokuja baadaye aliweka pima maji yake ukutani, akatazama, akaiweka tena sehemu nyingine, akaandika jambo kwenye karatasi, akaondoka. Watu wa huku wakikosa la kusema, hiyo ndiyo sifa.

Shangazi aliuliza kuhusu moto, na swali lake ni la maana kuliko mengi niliyosikia siku hiyo ya arubaini. Zege haliungui, lakini sterofomu ikiachwa wazi huungua na moshi wake ni mbaya, ndiyo maana kanuni zinataka ifunikwe kwa ndani, nasi tumefunika kwa jipsamu ya milimita 12.7, ambayo hukazwa kwenye kanda zilezile za plastiki. Kwa nje nako lazima ifunikwe, maana jua huila ikawa ungaunga wa manjano. Nyaya za umeme zimepita kwenye mifereji tuliyoikata kwa kisu cha moto. Baada ya hapo hakuna atakayejua kwamba ndani kuna sterofomu, isipokuwa kwa madirisha: kuta ni nene hata kila dirisha limepata kizingiti cha kukalia, na Rehema hukaa hapo akifanya kazi zake za shule, vilevile tulivyokuwa tukikaa kwenye madirisha ya ile nyumba ya mawe na chokaa ya Bibi kule Pangani.

Lipo jambo nisilolipenda, na nikilificha itakuwa nimekudanganya. Nyumba imeziba mno. Hewa haiingii ovyo wala haitoki, hivyo tumelazimika kufunga mashine inayotoa hewa chafu na kuingiza safi huku ikiokoa joto la ile inayotoka. Nilipokaanga dagaa alionitumia Mama, harufu ilipita vyumba vyote ikafika mpaka kabatini, na Baba Rehema akasema sasa ndiyo nyumba yetu. Sauti nazo haziingii. Lori la kukwangua theluji hupita nje alfajiri nami silisikii. Mvua ikinyesha huiona tu kwenye kioo. Mimi nimelelewa kwa mvua ya bati, Kaka, ile ya masika inayowafanya watu wote wanyamaze kwa kuwa hakuna anayesikika, na zipo usiku ninazoamka nikadhani nimeziba masikio.

Na kwa kuwa nimefika kwenye bati, tuzungumze la Mama.

Juma wako aliniuliza kama tunaweza kujenga ya namna hii huko Tanga. Mwambie nimefurahi kwamba anauliza, lakini jibu langu ni hapana. Mchwa hawaili sterofomu, ila huichimba njia ndani yake kimyakimya hadi wafike kwenye mbao za paa, nanyi hamtawaona. Kusafirisha mzigo mkubwa ambao ndani yake ni hewa ni kuchoma fedha. Na huko hatuhangaiki kulinda joto, tunahangaika kulitoa. Tofali za saruji za inchi sita, madirisha yanayotazamana, paa lililoinuliwa na baraza pana, hayo yanamtosha Mama. Saruji inatengenezwa hapohapo Pongwe. Mnaishi jirani na kiwanda, moshi wake mnauona, na lenta ya nyumba ya Mama bado haijamwagwa.

Fedha za lenta nilizituma. Sitaki kurudia nilituma lini na kiasi gani, kwa sababu wewe unajua na wifi anajua. Ulisema nondo zimepanda bei, nikanyamaza. Ukasema fundi amepata msiba, nikatuma rambirambi. Kuhusu kiwanja cha pili sisemi neno hapa, maana najua Mama atataka asomewe barua yote hata nikikataza. Lakini usinitake nikupe za mabati wakati ukuta hauna lenta, kwa kuwa paa litakalowekwa juu ya tofali tupu litakwenda na upepo wa kusi wa kwanza, kisha nitaitwa kwenye kikao kingine kuambiwa mabati yangu yalikuwa mepesi.

Basi nimeamua hivi, na ninaomba uupokee uamuzi huu kama wa mdogo wako anayekuheshimu. Lenta itatangulia. Fundi Athumani apime, aandike kwa mkono wake mwenyewe urefu wa kuta, nondo nne za milimita 12 kuzunguka nyumba yote, ringi za milimita 8, mifuko ya saruji na kokoto. Nitamlipa mwenye duka la Ngamiani moja kwa moja, na ujira wa fundi nitautuma kwenye simu ya fundi. Nondo zikishafungwa, Juma azipige picha kona zote nne, na zege lisimwagwe kabla sijajibu. Hata huku walinifanyia vilevile, nami sikusema wananivunjia heshima. Baada ya lenta ndipo tuje kwenye mabati, nayo yawe ya geji 28. Geji 30, ambayo ni nyembamba zaidi, sitalipia, kwa kuwa chumvi ya bahari ya hapo mnaijua kuliko mimi.

Mwambie Shangazi Mwanahawa chumba chake kipo, kina dirisha lenye kizingiti cha kukalia, na nguo nzito atazikuta huku. Mpe Mama mikono yangu miwili. Karatasi ya fundi ikinifikia kabla ya Ijumaa, fedha za nondo zitakuwa dukani Jumamosi asubuhi.

Wasalaam,

Mdogo wako,
Mwanaidi