Kwa walezi wa muda wa mbwa waliookolewa, Moshi

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Wiki hii baadhi yetu wameniandikia kwamba wanakaribia kukata tamaa kwa kuwa mbwa wao bado wanawaogopa, nami nimeona ni vyema nijibu hapa ili sote tusome. Mbwa aliyeokotwa pembezoni mwa soko la Mbuyuni, ambaye amezoea kufukuzwa kwa mawe, hawezi kuuamini mkono wa mtu ndani ya siku tatu. Yule jike wa kahawia niliyemlea mwaka jana alijificha siku tisa chini ya karo la kufulia, akila usiku tu sisi tukishalala. Siku ya kumi, nikiwa nimekaa sakafuni nachambua mchele bila kumtazama, alikuja akaegemeza kidevu chake kwenye goti langu. Nililia, wala sioni haya kusema.

Kwa hiyo msimlazimishe kushikwa. Mpeni kona tulivu, chakula kwa saa zilezile, na mtu mmoja tu wa kumlisha hadi atulie. Lakini akigoma kula huku akitapika au kuhara damu, hasa akiwa bado mdogo, msidhani ni woga: huenda ni parvo, ugonjwa hatari wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, naye afikishwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali bila kungoja, kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Aliyechoka aniambie tafadhali; nitakaa na mbwa wake Jumamosi na Jumapili ili apumzike.