Kabla kijana hajatoka Isanga

Moshi

Rafiki yangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Kumbe kijana wako anatoka gereza la Isanga mwezi ujao, na wewe usingizi huupati tena. Mwenzio nilipita humo humo mdogo wangu alipotoka gereza la Karanga, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Anza na karatasi, tena leo. Mdogo wangu aliingia ndani 2018. Mwaka uliofuata likaja agizo la kusajili laini za simu kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Katoka hana namba hiyo, kwa hiyo hana laini, na mtu wa kumpa kibarua hana pa kumtumia hela. Ujuzi anao! Gereza la Karanga lina kiwanda cha viatu, kajifunza kukata ngozi na kushona soli. Miezi mitatu alikaa tu barazani akiangalia mikono yake. Tafuta cheti chake cha kuzaliwa, uonane na mtendaji wa mtaa kuhusu barua ya utambulisho, asije akaanza kuhangaika akiwa ameshatoka.

Kwa watu ndiko kugumu zaidi. Duka alilovunja ni la hapa hapa mtaani, chumvi tunanunua pale. Mjomba alikuja na jani la isale, tukaenda kwa mwenye duka kabla hata mdogo wangu hajatoka. Kwetu Uchagani ukiletewa isale umeombwa msamaha, na kulikataa ni vigumu. Yule baba alilipokea, akaliweka juu ya mizani, akakaa kimya. Kisha akasema, "Nimesamehe. Ila dukani asiingie." Niliumia sana, dada. Siku zilivyokwenda nikaona ana haki, maana aliyeibiwa ni yeye. Mpaka leo mdogo wangu akienda kununua sukari anasimama nje, anapewa dirishani, anashukuru. Waulize wazee wa huko kwenu kwamba wao hufanyaje, na muende mapema.

Halafu usishtuke ukimwona tofauti. Siku ya kwanza nyumbani, saa kumi na moja alfajiri, nilimkuta uani amechuchumaa kando ya ukuta, mikono juu ya magoti, anasubiri kuhesabiwa. Sikumwambia kitu. Nilichuchumaa karibu yake nikawasha jiko la mkaa, tukangoja chai ichemke. Kwa wiki kadhaa hata kwenda chooni alikuwa anaomba ruhusa. Jirani mmoja alicheka, nikamfokea mbele za watu, na sijuti.

Nipe tarehe, nitapanda basi siku moja kabla tukasimame wote getini. Beba suruali na shati za kaka yake, alizoingia nazo hazitamtosha. Na kiatu anavaa namba ngapi? Mdogo wangu ameniuliza mara mbili, ngozi ameshapata.

Nakupenda,
Rafiki yako