Tuwapandishe Watoto Mto: Harambee ya Safari ya Gredi ya 6

Kwa wazazi, wanafunzi wetu wa zamani na marafiki wa shule,

Februari, maji yalipokauka tena chini ya daraja la Archers Post, mtoto mmoja wa Gredi ya 6 aliuliza darasani: "Mwalimu, na huko yanakotoka yamekwisha?" Mwalimu akachora mto ubaoni, kuanzia mlimani hadi kwetu. Mstari wa chaki haukumridhisha mtoto, na kwa kweli haukumridhisha hata mwalimu. Ndiyo maana tunawaomba mtusaidie kuwapeleka Gredi ya 6 juu, mto unakotoka.

Watoto wetu wanaujua Waso kwa upande wa mwisho. Tunasema Ewaso Nyiro Kaskazini, msije mkauchanganya na ule wa kusini unaokwenda Ziwa Natron. Wameuona ukipita kati ya hifadhi za Samburu na Buffalo Springs, ukipakana na Shaba, ukishuka kuelekea Merti hadi kinamasi cha Lorian. Wanajua mikoma ilipo, na mamba walipo. Punda milia wa Grevy watakuonyesha mara moja: mistari myembamba, tumbo jeupe, masikio ya duara. Watakwambia pia kwamba swala twiga, yule anayesimama kwa miguu ya nyuma kuchuma majani, hana shida sana na mto kwa kuwa majani humkata kiu. Punda milia anayenyonyesha hana bahati hiyo. Kila siku moja au mbili lazima ashuke kunywa.

Kiangazi kikikolea hushuka akute mchanga. Hapo punda milia humsubiri ndovu. Ndovu hupiga mchanga kwa mguu wa mbele, huuchota kwa mkonga, na tundu huzidi kwenda chini mpaka maji yanaanza kujitokeza polepole, ya rangi ya chai. Hunywa bila haraka. Akiondoka, nyani na punda milia husogea. Sisi nasi huchimba hatua chache kutoka pale, na siku nyingine asubuhi hukuta kisima chetu kimetumiwa usiku.

Wasichokijua watoto ni mwanzo. Mlima Kenya wameuona kwa mbali tu, siku ya anga safi. Hawajauona Ewaso Narok ukitoka upande wa Aberdare na kuporomoka mita 74 pale Nyahururu, maji yakinguruma mtu asisikie jirani yake. Hawajaona vijito vya upande wa Nanyuki na Timau, wala mashamba ya maua na mboga yanayonyweshwa kabla mto haujatufikia. Hatuwapeleki kugombana na mtu. Mkulima wa juu naye ana watoto wa kulisha. Ila tungependa wamwone, naye awaone.

Na mto huu haukosei kwa kukauka peke yake. Machi 2010, mwaka mmoja tu baada ya ukame mkali wa 2009, ulifurika ukazoa kambi za watalii na hata ya watafiti wa ndovu. Vijana wetu walikuwa hawajazaliwa, lakini wazee wakisimulia huonyesha kwa mkono maji yalipofika kwenye shina la mkoma.

Safari ni ya siku tatu: watoto 42, walimu wanne na mama mmoja wa kamati. Shule moja karibu na Nyahururu imekubali kutulaza bwenini bila malipo, Mungu awabariki. Tunahitaji shilingi 186,000. Basi peke yake linameza 130,000. Zinazobaki ni za chakula, mafuta ya akiba na darubini mbili. Tunayo darubini moja, na kioo chake kimoja kimepasuka. Wazazi wameshachanga shilingi 31,500 pamoja na mbuzi watatu, ambao tutawanadi siku ya harambee.

Harambee itafanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nne asubuhi, chini ya mgunga wa shule. Kadi za mchango ziko kwa mwalimu mkuu na kwa mweka hazina, na kila shilingi itaandikiwa risiti. Asiyeweza kufika ampe jirani yake. Hata mia moja tutaipokea kwa mikono miwili.

Watoto wa huko juu wametutumia ombi moja kupitia mwalimu wao: tuwabebee mchanga wa mto. Gredi ya 6 wameshajaza chupa, iko dirishani.