Salamu za shukrani kutoka kwa familia ya marehemu baba yetu, Bristol

Sisi mjane, watoto na wajukuu wa marehemu, tulioko Bristol, Tanga na Muscat, tunatoa shukrani zetu za dhati kwa wote waliosimama nasi tangu alfajiri ya Jumatano ile baba yetu alipotutoka, akiwa na umri wa miaka 85, hadi siku tulipoanua matanga. Hatuna uwezo wa kumfikia kila mmoja nyumbani kwake. Kwa hiyo tunamwomba kila aliyetushika mkono, aliyemwosha na kumkafini marehemu, aliyebeba jeneza, aliyetia mchanga kaburini, aliyepika, aliyepiga simu usiku wa manane kutoka mbali na aliyetuombea dua kimyakimya, apokee salamu hizi kana kwamba zimeandikwa kwa jina lake.

Wazee wa chama chetu cha kuzikana wanastahili kutajwa mbele ya wengine. Walishughulikia vibali, gari na kaburi kabla hata sisi watoto hatujakusanyika, na siku ya tatu mweka hazina akaja na daftari la hesabu, akaketi na mama na kumsomea matumizi yote hadi senti ya mwisho. Mama alilia. Alisema hivyo ndivyo marehemu alivyotaka hesabu zisomwe miaka yote aliyokuwa mwanachama.

Wengi mliofika nyumbani mliiona picha iliyotundikwa sebuleni, ya Mzungu mwenye kiko, magi ya chai pembeni yake, picha ambayo shangazi aliifunika kwa kanga wakati wa kisomo. Mlituuliza kwa adabu kama alikuwa mwajiri wa marehemu, au mfadhili aliyemleta Uingereza. Siku ile hatukuwa na utulivu wa kujibu, na deni la jibu hatupendi kulala nalo. Yule ni Tony Benn, mbunge wa Bristol South East kwa miaka mingi na waziri katika serikali za Harold Wilson na James Callaghan. Hakumwajiri baba wala hakumfadhili. Baba alimpigia kura, basi, na akampenda kwa maisha yake yote.

Benn alizaliwa London tarehe 3 Aprili 1925 katika ukoo wa siasa. Babu zake wote wawili walikuwa wabunge. Baba yake, William Wedgwood Benn, alikuwa mbunge na waziri aliyesimamia mambo ya India. Na mama yake, Margaret, alikuwa msomi wa dini aliyedai wanawake nao waruhusiwe kuwa makasisi. Mwaka 1942 William alipewa ulodi wa kurithishana, akawa Viscount Stansgate. Mrithi alikuwa kaka mkubwa, Michael, aliyetaka kuwa kasisi na ambaye cheo hicho hakikumkera. Michael alikufa mwaka 1944 akiwa rubani wa kivita, na mzigo ukamwangukia mdogo wake, ambaye tamaa yake ilikuwa kukaa katika bunge la waliochaguliwa na wananchi, kwa kuwa lodi hakuruhusiwa kuingia humo.

Aliingia Bungeni mwaka 1950 akiwa na miaka 25. Mzee William alipofariki mwezi Novemba 1960, mwana akawa lodi papo hapo bila kuulizwa, na kiti chake kikatangazwa wazi. Aligombea tena katika uchaguzi mdogo wa tarehe 4 Mei 1961, wapiga kura wakijua fika kwamba huenda asiruhusiwe kuingia, na wakampa kura 23,275 dhidi ya 10,231 za mpinzani wake. Alipofika mlangoni alizuiwa, na mahakama ikampa kiti yule aliyeshindwa, Malcolm St Clair wa Chama cha Conservative.

Marehemu baba alifika bandari ya Avonmouth mwanzoni mwa 1962, kijana wa Tanga aliyeshuka melini na koti lisilotosha baridi, akaukuta mji bado unazungumzia jambo hilo. Alitusimulia mara nyingi jinsi lilivyomshangaza. Alikotoka alizoea kuona watu wakihangaika kupata cheo, wengine kwa kununua na wengine kwa kubuni nasaba. Hapa alikuta mtu anaandika maombi, anakwenda mahakamani na kutumia miaka karibu mitatu ya maisha yake ili avuliwe cheo. Hatimaye sheria ilipitishwa tarehe 31 Julai 1963, na Benn akawa wa kwanza kuuvua ulodi, jioni hiyohiyo. St Clair alitimiza ahadi yake ya kujiuzulu. Baba hakuwahi kulisimulia jambo hili bila kumtaja St Clair kwa heshima, akisema mtu anayerudisha kisicho chake naye anastahili shukrani, na sisi tunamtaja leo kwa ajili hiyo.

Mwaka huohuo ulikuwa mwaka wa mgomo wa mabasi hapa mjini. Kampuni ya mabasi ilikuwa ikikataa kuajiri watu weusi na Waasia kuwa makondakta na madereva, na mwishoni mwa Aprili vijana wa asili ya Karibiani pamoja na msemaji wao, Paul Stephenson, wakaanzisha mgomo wa kutopanda mabasi. Benn, ambaye wakati huo hakuwa na kiti, aliwaunga mkono hadharani na kusema naye hatapanda. Baba alikwenda kazini kwa miguu miezi yote minne. Viatu alivyovivaa aliviweka, na mjukuu wake mmoja alivitoa kabatini wiki iliyopita: soli imeliwa upande wa kisigino, na ndani mna kipande cha boksi kilichokatwa kwa umbo la mguu. Tarehe 20 Agosti 1963 ulifanyika uchaguzi mdogo, Conservative hawakuweka mgombea, Benn akarudi Bungeni, na kura ya baba, ya kwanza katika maisha yake, ilikuwa miongoni mwa kura zake. Siku nane baadaye ubaguzi ule wa mabasi ukatangazwa kufutwa. Kwa baba, wiki hiyo na Uhuru wa Tanganyika vilikaa mahali pamoja moyoni.

Nyadhifa zilizofuata ni nyingi: Posta, Teknolojia, Viwanda, Nishati. Katika nyumba yetu iliyozungumzwa ni Teknolojia peke yake, kwa sababu ya Concorde, ndege ya abiria yenye kasi kuliko sauti iliyoundwa na Waingereza na Wafaransa kwa pamoja. Baba alipiga ribiti katika karakana za ndege za Filton, na waziri wa ndege ile alikuwa mbunge wake mwenyewe. Mwaka 1967 ni Benn aliyetangaza kwamba Waingereza nao wataandika jina la ndege hiyo kwa herufi ya “e” mwishoni, kama Wafaransa. Tarehe 9 Aprili 1969 ilipoondoka Filton kwa mara ya kwanza, baba alikuwa amesimama na mafundi wenzake, na mama anasema alirudi nyumbani sauti imekauka.

Hatutaki kumpamba mtu kupita kiasi, kwa kuwa baba mwenyewe asingependa. Mwaka 1981 Benn aliwania unaibu kiongozi wa Chama cha Labour na kushindwa na Denis Healey kwa tofauti isiyofika asilimia 1, na baba aliamini kwamba mvutano ule ulikijeruhi chama na kuwasaidia wapinzani. Alisema hivyo waziwazi. Lakini Benn aliposhindwa hapa Bristol mwaka 1983, baba hakula usiku ule. Benn alirudi Bungeni mwaka uliofuata kutoka Chesterfield, akastaafu mwaka 2001 akisema anataka muda zaidi wa siasa, akapinga vita vya Iraki, na akafariki tarehe 14 Machi 2014. Siku ya maziko yake katika kanisa la St Margaret’s, jirani na Bunge, baba alipanda treni kwenda London, akasimama barabarani pamoja na umati.

Mlioketi nje nyumbani kwetu mlikalia benchi la mbao, nalo lina asili yake. Benn alikutana na Caroline DeCamp, Mmarekani kutoka Cincinnati, huko Oxford mwaka 1948, na baada ya siku tisa akamposa wakiwa wamekaa kwenye benchi la bustani. Baadaye alilinunua benchi hilo kutoka halmashauri ya mji na kuliweka kwenye bustani ya nyumba yao. Walizaa Stephen, Hilary, Melissa na Joshua, na Caroline alitumia maisha yake kutetea shule za serikali zinazopokea watoto wote bila kuwachuja. Baba aliposikia habari ya benchi alifurahi kama mtoto. Alisema kumbe Mwingereza naye anajua maana ya kibaraza, akanunua mbao, akamtengenezea mama benchi lake. Ndilo mlilolikalia mkinywa chai siku saba. Jirani zetu Waingereza, mlioleta birika na vikombe kila asubuhi bila kuombwa, Mungu awalipe.

Baba alitufundisha pia maswali matano ambayo Benn alisema kila mwenye madaraka aulizwe: una madaraka gani, umeyapata wapi, unayatumia kwa faida ya nani, unawajibika kwa nani, na tutakuondoaje. Hilo la tano baba aliwahi kumuuliza mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana mbele ya mkutano. Mwenyekiti hakukasirika. Aliitisha uchaguzi, akachaguliwa tena, na mwaka huu ndiye aliyeshika kichwa cha jeneza. Tunamshukuru kwa namna ya pekee.

Ulodi wa Stansgate haukufa. Ulilala, na Benn alipofariki ukamfikia mwanawe Stephen, ambaye mwaka 2021 aliingia katika Bunge la Malodi, wakati mdogo wake Hilary ni mbunge na waziri. Tulipomweleza baba, alinyamaza kwa muda, kisha akasema kila mtu huvua lake. Ndiyo sababu, kwa wasia wake, hatukuandika Alhaji wala Fundi Mkuu kwenye tangazo la msiba, ingawa vyote viwili alivistahili. Waliohisi tumemvunjia heshima tunawaomba radhi; tulitii alichosema.

Hitima ya arubaini itasomwa nyumbani baada ya swala ya Alasiri, na siku hiyohiyo ndugu zetu wa Tanga watasoma yao. Benchi litakuwa nje, na chai itakuwepo.