Kabla kinu kije Siaya, pimeni damu yetu kwanza

Mhariri,

Naomba kanafasi kwa gazeti lako. Mimi ni mtu wa maabara, nimestaafu, nimetoboa vidole vya watu wa Kisumu na wa bichi za hili ziwa miaka mingi. Tangu ianze kusemwa kwamba kinu cha nyuklia, kile watu wa Uyombo kule Kilifi walipinga, huenda kikaletwa Siaya, kila matatu napanda stori ni hiyo tu, huyu anasema stima itashuka bei, yule anasema samaki watakwisha, na sijasikia hata mmoja akiuliza swali la mtu wa maabara, yaani damu yetu leo iko namna gani kabla hicho kitu kije.

Mniruhusu niwapeleke mbali kidogo. Tarehe 1 Machi 1954 Wamarekani walilipua bomu la haidrojeni pale Bikini, visiwa vya Marshall, bahari ya Pasifiki, wakaliita Bravo. Likatoka na nguvu zaidi ya mara mbili ya vile walikuwa wamepiga hesabu, megatoni 15. Masaa machache baadaye kisiwa cha Rongelap, zaidi ya kilomita 150 kutoka hapo, kikaanza kuangukiwa na unga mweupe, majivu ya matumbawe, na watoto ni watoto, wakaucheza. Usiku watu wanatapika na ngozi inawasha. Walikuja kuondolewa baada ya siku mbili hivi, 64 kutoka Rongelap na 18 waliokuwa kisiwa jirani cha Ailinginae, halafu wengine 157 wa Utirik, na kulikuwa pia na wanajeshi 28 wa Marekani wenyewe waliokuwa wanapima hali ya hewa huko Rongerik.

Sasa hapo ndio timu ya madaktari ikaundwa, mbiombio. Mkuu wao alikuwa Dkt. Eugene Cronkite, wakachukuliwa watu kutoka maabara za jeshi la wanamaji, wakapandishwa ndege hadi Kwajalein, kambi ya jeshi la Marekani huko huko Marshall. Kazi yao kama kazi siwezi kuidharau. Walihesabu seli nyeupe na zile za kugandisha damu siku baada ya siku, wakaona zinashuka, wakatibu vidonda. Kuna kitu kimoja kilinishika niliposoma, kwamba nywele za wale watu zilikuwa ngumu kusafishika kwa sababu wanapaka mafuta ya nazi na ule unga umenasa humo, waoge mara ngapi. Nikafikiria akina mama wetu na mafuta ya nywele. Serikali ya Marekani ikatangaza Machi 11 kwamba hakuna aliyeungua na wote wako sawa, na haikupita wiki mbili tangu bomu kabla ngozi ianze kubabuka na nywele za watoto kutoka.

Lakini shida ya Cronkite ilikuwa ile ile yangu: alikuwa na hesabu ya damu ya leo lakini hana ya jana. Hakuna aliyewahi kupima wale watu wakiwa wazima. Ikabidi atafute wenyeji wa visiwa vingine ambao hawakuangukiwa na ule unga awafanye kipimo cha kulinganishia. Ukiambiwa damu ya mtoto imeshuka, imeshuka kutoka wapi? Huku kwetu ni vibaya zaidi, watoto wetu wana malaria na minyoo na kichocho, damu yao iko chini hata bila nyuklia, siku kitu kikitokea kila mtu atasema ni malaria tu, nendeni nyumbani.

Bomu si kinu, najua, msiniandikie barua. Ila iodini chafu, yaani yenye mionzi, inayotoka kinu kikilipuka ni ile ile ya bomu, inakimbilia tezi ya shingo, hasa ya mtoto. Rongelap uvimbe wa tezi ulianza kuonekana 1963, miaka tisa baadaye, na vijana wawili waliokuwa wadogo wakati wa bomu walibaki wafupi kwa sababu tezi iliacha kufanya kazi. Kinu cha Chernobyl kilipolipuka 1986, nchi jirani ya Poland iligawa dawa ya iodini safi, inayojaza tezi ili ile chafu ikose nafasi, kwa watoto zaidi ya milioni 10, kwa sababu dawa hiyo inasaidia ikimezwa mapema, si baada ya wiki. Sasa niambieni, hizo tembe zitalala wapi? Zikiwekwa stoo ya Nairobi mtoto wa kisiwa cha Mageta atazimeza lini, na boti yenyewe ikiona ziwa limechafuka haitoki?

Na hapa niseme kitu kinaniuma. Wale wa Rongelap walirudishwa kwao 1957, wakaambiwa ni salama, na ripoti ya watafiti wenyewe ikaandika kwamba kuishi kwao pale kutaleta takwimu za maana sana. Kila mwaka madaktari wanakuja, wanatoa damu, wanaenda. Lekoj Anjain alikuwa na mwaka mmoja siku ya bomu, alikufa 1972 kwa saratani ya damu akiwa na miaka 19. Mwishowe, 1985, wenyeji wakahama wenyewe.

Mimi pia nimekuwa upande wa mwenye sindano. Kuna mwaka tulienda bichi fulani na watu wa utafiti, siwataji, tukatoa damu ya watoto, kila mama akapewa sabuni na sukari, mtoto akawa namba kwenye chupa. Mama mmoja muuza omena akawa anakuja kituoni kila siku ya soko, "Daktari, majibu ya mtoto wangu?" Mimi si daktari, na majibu sikuwa nayo, yalikuwa yameenda na kompyuta zao. Nilimwambia wiki ijayo mara sijui ngapi mpaka akachoka.

Kwa hivyo, Mhariri, ninachoomba kaunti za Siaya, Kisumu na Homa Bay ni timu moja, iundwe leo na isingoje king'ora. Watoke hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, ile sisi wazee bado tunaita Russia, pamoja na manesi na watu wa maabara wanaoongea lugha za bichi, wazunguke Mageta, Ndeda, Mfangano, wapime damu, washike shingo za watoto, waandike urefu na uzito, na kila mtu abaki na kadi yake nyumbani. Kinu kikikosa kuja hatujapoteza kitu, tutakuwa tumejua nani ana malaria. Mkikosa wa kutoboa vidole niiteni, bado mkono hautetemeki, bora tu majibu yarudi na boti ile ile iliyobeba damu.

Mstaafu wa maabara,
Kisumu.