Mwenye mafua asiingie wodi ya watoto wachanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo, katika miaka yote niliyokuwa muuguzi wa wodi ya watoto wachanga hadi nilipostaafu, nililiona likichukuliwa kwa wepesi usiostahili, nalo ni maambukizi ya virusi yanayowapata watoto hao wakiwa tayari wamelazwa. Mtoto njiti akibadilika hali usiku, akaacha kunyonya, akalegea na kuanza kukata pumzi, kila mtu wodini humwazia bakteria. Ni sawa kuwaza hivyo, maana bakteria huua haraka na dawa zake haziwezi kungoja majibu ya maabara. Kasoro huja baadaye, pale kipimo cha kuotesha vimelea kutoka kwenye damu kinaporudi bila kuonyesha kitu, kwani ni wachache wanaouliza ni nini basi kilichomwangusha mtoto, na wachache zaidi wanaouliza kimeletwa na nani.

Mtoto huyo hajawahi kutoka kitandani mwake. Kama ameugua mafua wiki ya tatu ya kulazwa, basi mafua hayo yameingia kwa miguu ya mtu mzima: mgeni, ndugu, daktari, mfanya usafi au muuguzi kama mimi. Virusi vya RSV, ambavyo hushambulia njia ya hewa, ni mfano ulio wazi kuliko yote. Mtu mzima akivipata hupiga chafya siku chache, akanywa chai ya moto na kuendelea na shughuli zake, ilhali vikimfikia mtoto mchanga hushuka hadi kwenye vijinjia vya hewa vilivyo vyembamba sana, vikavivimbisha na kuvijaza makamasi, na mtoto ambaye hutegemea zaidi pua yake kupumua huanza kubonyea mbavu. Kwa mtoto njiti dalili ya kwanza inaweza kuwa kuacha kupumua kwa sekunde kadhaa, bila homa wala kikohozi, na hapo ndipo wengi wetu hudanganyika. Kwa makadirio ya mwaka 2019, virusi hivi vilihusishwa na vifo takriban 100,000 vya watoto walio chini ya miaka 5 duniani, karibu nusu yao wakiwa hawajatimiza miezi 6, na zaidi ya asilimia 97 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Wapo pia enterovirusi na parekovirusi, virusi wanaokaa tumboni na kutoka na kinyesi, ambao humfanya mtoto aonekane hasa kama mwenye sumu ya bakteria kwenye damu. Huweza kutoka kwa mama wakati wa kujifungua, au kwa mkono uliobadilisha nepi ya mtoto mmoja ukahamia kwa mwingine. Hapa niseme neno kuhusu vile vitakasa mikono vyenye spiriti tunavyovitegemea mno. Vinaua RSV vizuri, lakini enterovirusi, pamoja na rotavirusi na norovirusi waletao kuharisha, huvistahimili zaidi, kwa hiyo baada ya kushika kinyesi hakuna kinachoshinda sabuni na maji yanayotiririka. Virusi vya malengelenge ya mdomo na sehemu za siri navyo visisahaulike, kwa sababu ni miongoni mwa vichache vyenye dawa, asiklovia, ambayo ikicheleweshwa mtoto huweza kufa au kuharibika ubongo, na mara nyingi mama mwenyewe hajui kwamba anavyo.

Baadhi ya hospitali, zikigundua mlipuko, hufunga mlango kwa kila mtu, hata mama. Kwa maoni yangu hilo ni kosa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watoto njiti na wenye uzito mdogo wabebwe ngozi kwa ngozi mara baada ya kuzaliwa, na maziwa ya mama yana kinga ambayo hakuna dawa ya kuifidia. Mama mwenye mafua avae barakoa, anawe mikono, aendelee kumnyonyesha mwanawe. Wa kuzuiwa ni msururu wa watu waliokuja kutoa pongezi.

Upande mgumu ni wetu sisi wahudumu. Nakiri kwamba nimewahi kuingia zamu nikiwa na mafua, nikajifunga barakoa na kujiambia kuwa si kitu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunipokea na watoto hawawezi kuachwa peke yao. Muuguzi hawezi kulaumiwa kwa hilo iwapo anayepanga zamu hakuweka mtu wa akiba, au iwapo siku ya ugonjwa inakatwa kwenye mshahara.

Ni kweli kwamba kinga mpya zimepatikana. Tangu mwaka 2023 ipo chanjo ya RSV kwa mama mjamzito, na ipo pia sindano moja ya kingamwili, yaani chembe za kinga zilizo tayari kupambana na virusi, iitwayo nirsevimab, anayochomwa mtoto mwenyewe. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilizihimiza nchi zote kutumia mojawapo. Hata hivyo chanjo ya mama huhitaji kama wiki mbili ili kingamwili zitengenezwe na kuvuka kondo la nyuma, na kwa kawaida nyingi huvuka katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Mtoto aliyezaliwa mapema, yaani yule anayelazwa kwa muda mrefu kuliko wengine, ndiye anayeikosa, na sindano yake bado ni ghali.

Ndiyo maana nawaomba wakuu wa hospitali waanze na mlango. Kila anayeingia aulizwe kama leo ana mafua, kikohozi, kuharisha, au lengelenge mdomoni, na swali hilo aulizwe daktari bingwa kwa sauti ileile anayoulizwa shangazi wa mtoto.

Wako,
Muuguzi mstaafu